Ya Kupiga na Ya Kuweka

Katika maduka ya santuri ya mji ule, na hayakuwa mengi, fundi wa friji alijulikana kwa jina la Bwana Nailoni. Hakupewa jina hilo kwa ubaya. Santuri mpya hutoka kiwandani imefungwa nailoni nyembamba inayong'aa, na mtu wa kawaida akishalipa huikimbiza nyumbani, akaichana na kuipiga hata kabla ya kuvua viatu. Yeye aliikimbiza nyumbani kuificha. Kabati lake la sebuleni lilijaa santuri ambazo sindano haikuwahi kuzigusa, zimesimamishwa wima, migongo imelingana, na ole wake mgeni aliyethubutu kuegemeza kiwiko hapo.

Alikuwa na kanuni yake, na kama watu wote wenye kanuni, aliieleza hata kwa asiyeuliza. Santuri nzuri inunuliwe mbili: moja ya kupiga, moja ya kuweka.

“Ya kuweka mpaka lini?” mkewe alimuuliza mwaka wa kwanza wa ndoa yao.

“Ya kuweka ni ya kuweka.”

Mke alicheka, kwa sababu wakati ule alidhani ni utani. Nywele zao zilikuja kuwa nyeupe akiwa bado anauliza swali lile lile na kupewa jibu lile lile.

Mkewe alikuwa mkunga. Nusu ya watu wazima wa mitaa ile walipitia mikononi mwake wakiwa wekundu na wanalia, na hata sasa, akipita sokoni, mijibaba yenye ndevu ilimwachia njia na kumshika mkono kwa adabu. Wao wenyewe hawakujaliwa mtoto. Jambo hilo liliwauma miaka mingi, kisha likazoeleka, na nyumba ikajaa santuri. Mkunga aliziita wake wenzake. “Kawafute vumbi wake wenzangu,” angemwambia mumewe Jumapili asubuhi. “Mimi sina wivu nao. Kwanza hawali.”

Lakini ilikuwapo santuri moja ambayo hata yeye hakuifanyia mzaha.

Zamani, wao wakiwa vijana, bendi moja ilikuwa ikipiga dansi kila Jumapili mchana katika ukumbi wa wafanyakazi. Jumapili moja friji ya soda ya ukumbini ilizima, akaitwa fundi. Alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya friji, spana mkononi, wakati mwanafunzi mmoja wa ukunga alipokuja na kijasho chake cha dansi kuomba soda baridi. Alichoweza fundi kumpa ni soda ya moto na pole nyingi. Msichana aliinywa hivyo hivyo, akakunja uso, akacheka, na friji ile haikupona mpaka jioni, kwa sababu fundi alikuwa ukumbini anacheza.

Siku hiyo hiyo kulikuwa na mtu aliyeweka maikrofoni mbele ya jukwaa na kurekodi. Kanda zake zilikaa stoo miaka na miaka, mpaka wenye duka moja dogo la santuri walipozipata wakazitoa kama toleo maalumu: nakala mia tatu tu, kila moja imeandikwa namba kwa mkono, moja kwa kila mteja, na zikiisha zimeisha. Wazee wa bendi waliobaki walikataa katakata muziki wao uwekwe mtandaoni. Anayeutaka anunue santuri. Bwana Nailoni alipanga foleni tangu kulipopambazuka akapata yake. Kabla ya saa sita mchana hakukuwa na iliyobaki.

“Tumo humo ndani,” alimwambia mkewe siku ile, akiinua ile santuri juu kama baba anayeonyesha cheti cha mwanawe. “Bendi ikimaliza wimbo, watu wanapiga makofi. Yale makofi ni yetu. Mimi na wewe tumo.”

“Basi iweke tujisikie.”

“Ngoja kwanza nipate ya pili. Ya kupiga.”

Ya pili haikupatikana mwaka ule, wala uliofuata. Waliokuwa nazo hawakuziachia. Mkunga aliuliza mara moja moja, kisha akaacha, kama mtu anavyoacha kuuliza kuhusu bomba ambalo mwenye nyumba ameahidi kulitengeneza.

Halafu akaugua. Ulianza kama uchovu, ukaja kuitwa ugonjwa wa ini, na mwishowe daktari aliwaita wote wawili akawaambia bila kuzungukazunguka kwamba hospitali haikuwa na la kuongeza. Wamrudishe nyumbani, maumivu yatatulizwa kwa dawa, na apewe chochote anachokitaka moyo wake. Mkunga alimshukuru kwa kusema ukweli. Yeye mwenyewe alikuwa amewaambia watu ukweli mgumu maisha yake yote na alijua kazi hiyo ilivyo.

Kitanda kiliwekwa sebuleni, karibu na dirisha, kwa sababu chumbani hewa haikumtosha. Mdogo wake, fundi cherehani, alifunga duka lake akaja kumuuguza. Siku ya kwanza, alipokwisha kuegemezwa kwenye mito, mkunga alitazama kabati lililokuwa mbele yake.

“Nataka kusikia ule muziki wetu,” alisema. “Wa ukumbini.”

“Utausikia, mke wangu. Nipe siku chache nikutafutie santuri.”

“Si ipo pale?”

“Ile ni ya kuweka.”

Aliyasema maneno hayo bila kufikiri, kama mtu anavyosema “salama” hata akiwa na homa. Shemeji yake aliyekuwa akikunja shuka aligeuka akamtazama. 

Si haki kumwita bahili. Angeuza karakana na kila spana iliyokuwamo kama daktari angesema dawa ipo mahali. Lakini kila alipolifikia kabati lile, mkono ulimwishia nguvu. Miaka yote ya kuweka na kuweka ilikuwa imemfundisha kwamba kitu kilichofungwa bado kina siku zake mbele. Kuichana ile nailoni kungekuwa kukubali kwamba wakati waliokuwa wakiusubiri ndio huu, na baada yake hakuna mwingine. Hakuwa tayari kukubali. Basi akafanya analolijua: akatoka kwenda kutafuta ya kupiga.

Alianza kwa Kipara, mwenye duka lililobanwa chini ya ngazi za jengo la ofisi, ambako wateja wawili wakiingia wa tatu husubiri nje. Kuta zote zilikuwa makreti, na hewa ilinuka karatasi kuukuu na sigara za wapangaji waliopita. Kipara alimsikiliza mpaka mwisho, akajifuta kichwa kwa leso, akaingia nyuma ya pazia. Alirudi na santuri yenyewe.

Fundi aliipokea kwa mikono miwili. Aliitoa kwenye jalada, akaisogeza chini ya taa, akaizungusha taratibu akiwa ameishika kwa ukingo. Jalada lilikuwa na doa la chai pembeni, na upande wa pili mkwaruzo ulikuwa umekata kutoka wimbo wa kwanza hadi karibu na katikati.

“Inapiga,” alisema Kipara. “Inagonga kidogo pale mwanzoni, ‘tik, tik’, halafu inaendelea zake. Mimi nimeisikiliza.”

“Upande wa pili ndio wenye makofi yetu.”

“Yapo. Yanasikika.”

“Siwezi kumpelekea mke wangu kitu chenye mkwaruzo, Kipara. Si huyu. Si sasa.”

“Bwana Nailoni,” Kipara alisema kwa upole ambao haukuwa kawaida yake, “mgonjwa hasikilizi mikwaruzo.”

Fundi aliirudisha kwenye jalada, akashukuru, akatoka. Njia nzima alijisifu moyoni kwamba anampenda mkewe kiasi cha kumkatalia kitu kibovu.

Zikafuata siku za kuzunguka. Aliingia duka la kina dada wawili wanaouza santuri upande mmoja na maua upande wa pili, akainama juu ya makreti mpaka kiuno kikakataa kunyooka. Alipanda ghorofani kwa mzee anayefungua akijisikia na kufunga akichoka. Kila jioni alirudi mikono mitupu, na mkewe alimuuliza habari za huko kwa sauti iliyokuwa ikipungua, naye alimsimulia nani kasema nini, na mkunga alitabasamu pale pa kutabasamu. Shemeji hakutabasamu. Mara mbili alimvizia jikoni.

“Shemeji, dada hana siku nyingi za kukungoja.”

“Najua. Ndiyo maana natafuta.”

Kwa kweli, na hili lazima lisemwe, kutafuta kulimpa nafuu. Ndani ya maduka yale alikuwa Bwana Nailoni, mtu mwenye jicho kali na habari nyingi. Nyumbani alikuwa mume aliyekaa kando ya kitanda akiwa hajui mikono aiweke wapi.

Ijumaa simu ililia. Alikuwa Mtangazaji, mzee aliyestaafu redio na kufungua duka la santuri katika chumba kilichokuwa duka la dawa; droo ndogondogo za vidonge bado zilikuwapo ukutani, sasa zimejaa sindano na mikanda ya mashine za santuri. “Imepatikana,” alisema kwa ile sauti yake ya taarifa ya habari. “Mwalimu mmoja wa hesabu anayo. Imefunguliwa, imetunzwa, haina hata alama ya kidole. Anataka kubadilishana. Kesho asubuhi njoo na kitu cha maana.”

Jumamosi mkunga aliamka akiwa na nuru usoni. Alikunywa uji vijiko vichache, akaomba achanwe nywele, akaomba pazia livutwe. Mumewe alipokuja kumuaga na mfuko wake begani, alimshika kidole kimoja, kama vichanga aliokuwa akiwapokea wanavyoshika.

“Leo usiende.”

“Leo ndiyo naileta, mke wangu. Imepatikana. Narudi sasa hivi.”

“Kaa kidogo.”

“Nikikaa ataipa mtu mwingine. Narudi sasa hivi, wallahi.”

Mkunga alimwachia kidole.

Mwalimu hakuwapo dukani. Alikuwa amepeleka ujumbe kwamba ana mitihani ya kusimamia, atachelewa kidogo. Fundi alikaa kwenye stuli, akasimama, akakaa. Mtangazaji alimpa chai. Kisha, ili mikono iwe na kazi, alianza kupitia kreti lililokuwa miguuni pake, mzigo mpya ulioingia wiki ile, bado haujapangwa. Na ndipo ilipomtokea aibu ambayo baadaye hakuweza kumwambia mtu: alisahau. Alipata santuri moja aliyokuwa akiisikia kwa jina tu, chini yake nyingine, akaita “Mtangazaji, hebu ona hii!”, wakaanza kubishana juu ya nani alipiga gitaa la pili, wakacheka. Kwa kitambo kile alikuwa na furaha kamili, kama mtu asiye na mgonjwa.

Simu ilipolia alikuwa bado ameshika santuri kwa mkono wa pili.

“Shemeji, dada anauliza umefika wapi.”

“Mwambie niko njiani.”

Aliikata, akatazama mlango, na mwalimu wa hesabu bado hakuwa ameingia. Hakuweza kurudi mikono mitupu baada ya maneno yale ya asubuhi. Akasubiri.

Mwalimu alikuja mchana, chaki kwenye suruali, akiomba radhi. Mabadilishano yalikuwa mepesi, lakini ukaguzi haukuwa mwepesi. Fundi aliomba taa. Aliomba kitambaa. Alitazama upande wa kwanza, akatazama upande wa pili, akaomba isikilizwe mwanzo wake kidogo, ahakikishe haigongi. Ilikuwa safi. Aliitia kwenye mfuko, akaukumbatia kifuani akatoka karibu anakimbia, na kweli sasa alikuwa njiani.

Alipofungua geti hakusikia kitu. Aliingia sebuleni akihema, tabasamu limemjaa, na kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa sakafuni. Nailoni. Imechanwa, imejikunja, inang'aa kwa jua la dirishani. Shemeji alikuwa amesimama mbele ya mashine, mkono wa sindano uko vidoleni mwake hewani, na santuri ikizunguka chini yake, ile ya kuweka, namba yake imeandikwa kwa mkono pale pale kwenye jalada lililolala wazi juu ya kiti.

“Nani kaichana hii?”

Ilitoka sauti kubwa, ile aliyoitumia karakanani mtu akiangusha kompresa ya friji. Alikuwa hajatazama kitandani. Hilo ndilo lililomfuata baadaye kila alikokwenda: kwamba aliitazama nailoni kwanza.

“Ni mimi,” mkunga alisema. “Usimgombeze mdogo wangu. Nilimwomba mimi.”

Alikuwa ameegemezwa juu kuliko asubuhi, nywele zimechanwa vizuri, amevaa gauni la kutokea juu ya nguo ya kulalia. Ile nuru ya asubuhi iliondoka usoni mumewe akiwa anamtazama.

“Nisamehe, mume wangu,” alisema. “Nimekuharibia.”

Fundi alipiga magoti pale pale. Alisema hapana, hapana, si kitu, ni nailoni tu, akaichukua akaifinyanga akaitupa mbali, na kwa kuwa ilikuwa nyepesi haikwenda popote, ikaanguka karibu naye. Alitoa santuri ya mwalimu mfukoni. Alimwonyesha. “Nimekuletea ya kwako. Safi kabisa. Tutaisikiliza sasa hivi, wote.”

“Weka,” mkewe alisema.

Aliiweka. Sindano iliruka, akaiweka tena. Bendi ikaanza, gitaa likaingia, na baada yake sauti za vijana ambao wengi wao walikwisha kufa. Alikaa ukingoni mwa kitanda akamshika mkono. Wimbo ulipokwisha ukumbi ukalipuka kwa makofi, makofi ya watu mia wenye jasho na furaha, na kweli ungeweza kuapa kwamba umewasikia wawili kati yao. Aligeuka kumwambia, “Hapo! Umetusikia?”

Mkunga alikuwa amelala. Siku nzima alikuwa macho, na nguvu zilikuwa zimemwishia. Jumapili hakuamka vizuri. Alifungua macho, akatazama, akafumba. Mumewe alipiga santuri ile kutwa, upande huu na upande huu, akimwita jina alilomwita siku za uchumba. Jumatatu asubuhi, shemeji akimpaka mafuta miguuni, pumzi zake zilikaa mbalimbali, kisha hakukuwa na nyingine.

Watu walijaa mpaka barabarani. Walikuja waliozaa mikononi mwake na waliozaliwa mikononi mwake. Kipara alikuja, Mtangazaji alikuja na kukosa sauti, mwalimu wa hesabu alikuja na kusimama mbali. Viti vya kuazima vilijaa vikapungua, na siku ikafika vikarudishwa vyote kwa wenyewe.

Alasiri hiyo walibaki wawili, shemeji na shemeji yake, wakikifungua kitanda cha sebuleni. Fundi alilegeza nati, shemeji alivua foronya. 

“Nilimkaripia,” fundi alisema, akiwa ameinama. “Neno la mwisho la maana alilolisikia kutoka kwangu lilikuwa lile. Na ni haki yake kuichana. Nimemchosha kusubiri. Mtu anataka kusikia muziki wake miaka yote, mwishowe amechoka.”

Shemeji aliacha foronya. Alionekana kama anapima aseme au anyamaze, na alikuwa mtu aliyemnyamazia mengi.

“Muziki aliusikia mara ya kwanza tu, shemeji,” alisema. “Baada ya hapo alikuwa anasikiliza geti.”

Fundi aliinua kichwa.

“Nilipokupigia ukaniambia uko njiani, alifurahi, sijamwona hivyo tangu augue. Akasema, ‘Mdogo wangu, chana ile. Nitamwambia ni mimi. Nataka akiingia aikute inapiga.’ Akaniagiza gauni. Nikamvalisha. Nikaichana, nikaiweka. Ikaisha, hujafika. Akasema rudisha. Ikaisha, akasema rudisha. Nikamwambia, dada, pumzika basi, akija nitaiweka. Akakataa. Kila upande ukiisha ananiambia, ‘Rudisha upesi, asije akaingia akakuta kimya.’”

Nje mtu alipita akimwita mtoto wake. Shemeji aliokota foronya, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya zingine.

“Ulipoingia ndiyo nilikuwa narudisha,” alisema.